Karatasi Sita Kwenye Bahasha: Nani Anaruhusiwa Kuthibitisha Stima ya Jengo la Biashara?

Bahasha ilikuwa ya kaki, imekunjwa mara mbili, na mama aliyeileta aliishika kwa mikono yote miwili kama mtu aliyebeba hati ya shamba. Jengo lake liko Kondele, hapa Kisumu, hatua chache kutoka barabara ya kwenda Kakamega. Chini kuna maduka manne, na nyuma ya maduka kuna kisiagi. Ghorofa ya kwanza ina zahanati ndogo na saluni. Ya pili ni vyumba vya chuo cha kompyuta. Alitaka kujua jambo moja tu: je, stima ya jengo hili imethibitishwa na mtu anayeruhusiwa kuithibitisha? Watu watatu walikuwa wamekwisha kumwambia ndiyo, na kila mmoja alimwonyesha karatasi tofauti.

Nilizipanga mezani. Zilikuwa sita. Ya kwanza ni cheti cha gredi ya pili kutoka NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwanda, cha kijana aliyevuta waya. Halafu diploma ya uhandisi wa umeme ya msimamizi wake. Nakala ya usajili wa kampuni iliyojenga kutoka NCA, mamlaka ya ujenzi. Michoro yenye muhuri wa kaunti. Nakala ya leseni kutoka EPRA, mamlaka ya kawi, ya mtu ambaye mama hajawahi kumwona kwa macho. Na mwisho cheti cha waya, kilichotiwa saini na huyo huyo ambaye hajaonekana.

"Si ziko sawa, fundi?" aliniuliza.

Nilimwambia hapana, mama, na nikamwomba tukae, kwa sababu jibu lake halikuwa la kusimama mlangoni. Ninayaandika hapa niliyomweleza siku ile, pamoja na mengine ambayo sikuyafikia, kwa kuwa tangu Kisumu ianze kupanda ghorofa namna hii swali lake nalisikia kila mwezi: kutoka kwa wenye shule za kibinafsi, wazee wa kanisa, wenye hoteli, na hata mafundi wenzangu, ambao walipaswa kulijua jibu kabla ya mteja.

Fujo yote inaanzia kwenye neno lenyewe. Kwa Kiswahili chetu cha kila siku, cheti ni kitu chochote chenye muhuri. Lakini karatasi zile sita zinajibu maswali tofauti kabisa. Diploma na gredi za NITA zinasema: huyu alisoma, alipimwa, anajua. Leseni inasema: huyu serikali imemruhusu afanye kazi ya aina fulani, mpaka tarehe fulani. Cheti cha waya kinasema jambo zito kuliko hayo mawili: mimi, mwenye nambari hii ya leseni, nimeifanya au nimeisimamia kazi iliyo katika jengo hili, nimeipima, na haya ndiyo niliyoyapata. Ujuzi haugeuki kuwa ruhusa kwa sababu mtu ana akili nyingi, na ruhusa haigeuki kuwa ushahidi kwa sababu mtu anayo mfukoni. Shahidi lazima awe alikuwepo.

Sasa ruhusa hiyo hutoka wapi? Chini ya Sheria ya Kawi ya 2019, mwenye usukani ni Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, yaani EPRA, iliyochukua nafasi ya tume ya zamani ya ERC. Ndiyo hutoa leseni kwa wafanyakazi wa stima na kwa makontrakta wa stima. Hizo ni leseni mbili, na hapa ndipo wengi hupotea. Ya mfanyakazi ni ya mtu binafsi. Ameomba, amesailiwa, amepewa daraja lake. Ya kontrakta ni ya biashara inayochukua kazi kutoka kwa mteja na kuibeba kwa jina lake, na biashara hiyo lazima iwe na mfanyakazi mwenye leseni inayotosha kazi yenyewe. Kampuni yenye ofisi ya vioo na magari yenye nembo, lakini isiyo na mtu wa daraja linalofaa ndani yake, kwa kazi hii ni sawa na gari lisilo na dereva.

Madaraja yenyewe ni matano: C-2, C-1, B, A-2 na A-1, kutoka chini kwenda juu. C-2 inamfungia mtu kwenye umeme wa fezi moja, yaani waya mmoja tu unaoleta umeme, katika majengo mafupi. C-1 inampandisha kidogo, ila bado ana dari juu ya kichwa. Mwenye B anaingia kwa upana kwenye volti za chini, hizi 240 na 415 tunazozitumia majengoni. A-2 inafungua volti za kati, na A-1 ndiyo inayobeba mpaka mitambo maalumu. Sheria haisemi "hii ni leseni ya nyumba na hii ni leseni ya maduka." Inaangalia aina ya umeme na ukubwa wa jengo. Kwa hiyo kioski cha fezi moja pale Nyalenda ni biashara, na mwenye C-2 anaweza kukifanya kazi bila kuvunja chochote. Lakini jengo la mama, lenye fezi tatu, ghorofa mbili juu ya maduka, na mota ya kisiagi ikinguruma nyuma, si la C-2.

Na leseni iliyokuwa kwenye bahasha ilikuwa C-2. Tena muda wake ulikuwa umekwisha.

Mafundi kadhaa wameniambia mambo ya madaraja ni urasimu tu wa kukusanya ada. Siwezi kukubaliana nao, na sababu zangu zimo ndani ya waya.

Tuchukue nyutro, ule waya wa kurudisha umeme. Kwenye nyumba ya fezi moja, nyutro ikikatika stima inazimika, watu wanawasha mishumaa, fundi anaitwa. Hakuna kilichoungua. Kwenye jengo la fezi tatu, maduka yamegawanywa: hili liko kwenye fezi ya kwanza, lile kwenye ya pili, lile kwenye ya tatu, na yote yanarudisha umeme wao kwenye nyutro moja. Baina ya fezi na nyutro kuna volti 240. Baina ya fezi na fezi kuna volti 415. Nyutro hiyo moja ikilegea kwenye bodi kuu, duka la kwanza na la pili yanajikuta yameunganishwa mkia kwa kichwa kati ya fezi mbili, na volti 415 zinagawanywa kati yao, kila moja kwa ukinzani wake, yaani jinsi vifaa vyake vinavyozuia umeme. Fanya hesabu rahisi. Duka moja limewasha pasi ya wati 2000, jirani amewasha taa na vifaa vidogo vya wati 150. Mwenye pasi atabakiwa na volti kama 29. Mwenye wati 150 atapigwa na volti karibu 386. Televisheni, chaja, friji ya soda, kompyuta za chuo, zote zinalia mara moja, na breka haikati, kwa sababu breka inahesabu ampia tu na hapa ampia hazijazidi. Nimeona saluni ikitoa moshi kwa jinsi hii mchana kweupe. Aliyekaza skrubu ya nyutro alikuwa kijana mwenye mkono mzuri wa nyumba za kupangisha, ila hakuna aliyewahi kumweleza kwamba skrubu ile moja imebeba jengo zima.

Halafu mota. Ya kisiagi cha nguvu-farasi 20, ambayo ni kama kilowati 15, huvuta karibu ampia 27 kwa kila fezi inaposaga. Ikiwashwa moja kwa moja inaweza kuvuta mara sita ya hapo kwa sekunde chache, ndiyo maana taa za mtaa mzima huinama kisiagi kinapoanza. Mtu wa kazi hii anajua kuchagua stata, kile kifaa cha kuwashia mota, ya kuanza kwa staa na kumalizia kwa delta (namna mbili za kuunga waya za mota), inayopunguza mvuto wa kuanzia hadi theluthi moja. Anajua kuipima rilei ya mzigo, ili fezi moja ikipotea mota isiendelee kulazimisha kwa mbili mpaka iive. Anajua pia kupima mpangilio wa fezi, kwa sababu ukibadilisha waya wawili tu mota inazunguka kinyume. Kwenye kisiagi utacheka na kubadilisha. Kwenye pampu ya maji ya zahanati utakaa wiki ukijiuliza kwa nini tangi halijai. Maarifa haya hayapatikani kwa kufunga soketi, hata ukizifunga kwa miaka kumi.

Basi mtu wa daraja linalofaa amepatikana. Anathibitisha nini hasa anapotia saini?

Kwanza anaangalia kwa macho kabla ya kuwasha chochote: kebo zina unene unaotosha breka zake, bodi imefungwa vizuri, waya hazijapita kwenye bati bila kulindwa, kila breka imeandikwa inalisha nini. Halafu anapima jengo likiwa bado limekufa, na ninasisitiza neno hilo. Anapima kama waya wa ardhi, ule tunaouita athi, umeungana mpaka kwenye soketi ya mwisho ya chumba cha mwisho. Anapima insulesheni kwa mashine ya mega: volti 500 za mkondo mnyoofu zinasukumwa kati ya waya na waya, na kati ya waya na athi, na kipimo hakitakiwi kushuka chini ya megaohmu 1. Sakiti mpya, yaani njia nzima ya waya kutoka breka moja, ikiwa imefanywa vizuri husoma mamia. Ikisoma 1.2 imefaulu kwa karatasi, lakini mimi siiachi. Natafuta ni wapi msumari umegusa waya au maji yameingia kwenye paipu, kwa sababu jengo jipya lisiwe na kipimo cha jengo la miaka arobaini.

Hapo ndipo anawasha na kupima yale yanayohitaji umeme uwepo: kama fezi na nyutro hazijabadilishana mahali, kama njia ya kurudi ya umeme wa hitilafu ina ukinzani mdogo kiasi cha kuilazimisha breka ikate haraka, kama swichi ya kukata umeme unaovuja, ile ya miliampia 30, inaruka ndani ya milisekunde 300 inapopewa kiasi hicho cha uvujaji. Ukiipa mara tano ya hapo inatakiwa iruke ndani ya milisekunde 40. Kubonyeza kile kitufe chake cha majaribio si kupima. Kitufe kinakuambia chuma chake kinacheza, hakikuambii kimechukua muda gani.

Na athi ya jengo. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ardhi yetu ina tabia zake. Udongo mweusi wa uwanda wa Kano ukiwa umelowa ni rafiki mkubwa wa fundi: unaunganisha rodi, ile fimbo ya athi iliyopigwa ardhini, na ardhi vizuri, kipimo cha ukinzani kinashuka, kila mtu anafurahi. Njoo Februari uone. Udongo ule ule umekauka, umepasuka nyufa za kuingiza mkono, na rodi imesimama ndani ya ufa kama kijiti kwenye chupa. Kipimo cha Mei na cha Februari kwenye rodi moja havifanani kabisa. Anayetia saini kwa uaminifu huandika alipima lini, na akipima wakati wa mvua huweka akiba: rodi ndefu zaidi, au ya pili mbali kidogo na ya kwanza, iteremke mpaka kwenye udongo usiokauka. Ukiongeza radi za ukanda huu, kuanzia ziwani mpaka Kakamega na Kisii, ambako shule zimewahi kupigwa watoto wakiwa darasani, utaelewa kwa nini ule mstari mmoja wa cheti ulioandikwa kipimo cha athi si wa kujaziwa ofisini.

Lakini hujaziwa ofisini. Hili ndilo linaloniuma, na sitalisema kwa kuzungukazunguka.

Cheti cha waya kinahitajika ili mteja aunganishiwe stima. Unapoomba laini mpya Kenya Power hutaka kitambulisho, nambari ya ushuru ya KRA, mchoro wa mahali, na cheti hicho kutoka kwa mwenye leseni. Kwa mteja, basi, ni karatasi moja kati ya nne, ya kupitisha tu. Na penye karatasi ya kupitisha hukosi mtu wa kuiuza. Fundi asiye na leseni humaliza kazi, anampigia simu mwenye leseni aliye mji mwingine, wanaelewana bei, fomu inarudi imejazwa. Vipimo vyote ni vizuri. Vimekuwa vizuri mno: nimeona cheti chenye sakiti kumi na nne na zote zimesoma megaohmu 200 sawasawa, kana kwamba waya wa mita tano na wa mita arobaini ni pacha. Nilipomuuliza mwenzangu mmoja kuhusu hilo alinijibu, "Omera, hiyo ni karatasi tu." Tulikuwa marafiki. Siku hiyo tuligombana.

Si karatasi tu. Mwenye leseni aliyekodisha saini yake amejifunga kamba shingoni mwenyewe: moto ukizuka, jina lililoko pale ni lake, na kusema "sikuwepo" ni kukiri kosa, si kujitetea. Fundi aliyefanya kazi amefanya bila ruhusa. Na mwenye jengo, ambaye alilipa pesa halali kwa nia safi, ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Bima yake ikija kuuliza nani alikagua, atatoa jina la mtu ambaye hata askari wa lango hajawahi kumwandika kitabuni.

Nijibu pia swali ambalo vijana huniuliza kwa uchungu, na wana haki ya uchungu huo: fundi asiye na leseni asifanye kazi kabisa? Afanye, chini ya mwenye leseni anayekuja, anayeangalia, anayesimamia na anayepima mwenyewe. Ndivyo wengi wetu tulivyojifunza. Mwenye gredi ya NITA au diploma kutoka vyuo kama Kisumu National Polytechnic au Sigalagala, akishika kazi chini ya mtu wa namna hiyo, ana njia iliyo wazi ya kuomba leseni yake na kupanda daraja. Anayefungiwa njia ni yule anayenunua saini kila mara, kwa sababu kazi zake zote zimeandikwa kwa jina la mwingine, na siku ya usaili hana hata moja ya kuonyesha.

Turudi kwenye bahasha. Zile karatasi nyingine hazikuwa za bure, ila kila moja ina mlango wake.

NCA, Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi iliyoundwa kwa sheria ya 2011, husajili makontrakta kwa makundi, kutoka NCA1 iliyo kubwa mpaka NCA8, na kazi za stima zina safu yake humo. Usajili huo unasema kampuni inaweza kuchukua ujenzi wa ukubwa gani. Hausemi nani apime nyutro. Kontrakta wa stima kwenye jengo kama hili anatakiwa awe na vyote viwili, vya NCA na vya EPRA, na kimoja hakijazi pengo la kingine.

Mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi ndiye wa kuchora na kukokotoa: mzigo wa jengo ni kilowati ngapi, kebo kuu iwe na unene gani, bodi zikae wapi. Kwenye jengo la biashara ninamtaka awepo, na ninamheshimu. Ila saini yake kwenye mchoro inathibitisha mchoro. Anaweza kuwa amechora sawasawa na aliyejenga akafanya mengine. Hali kadhalika muhuri wa kaunti kwenye ramani: umekubali kinachokusudiwa, kabla hata tofali la kwanza. Idhini ya jengo kutumika huja mwishoni na ni karatasi tofauti, na mama hakuwa nayo.

Kenya Power inaweza kukagua kabla ya kuunganisha, na ina haki ya kukataa ikiona hatari. Lakini shughuli yake inaishia kwenye mita. Waya zilizo upande wa pili wa mita ni za mwenye jengo, na kuunganishwa stima si ushahidi kwamba kila soketi ya ghorofa ya pili ina athi. Wapangaji wengi huamini ni ushahidi, na sijui tumeipata wapi imani hiyo.

Kuna mlango mwingine ambao majengo ya biashara yanao na nyumba ya kuishi haina. Kwa kuwa watu wanafanya kazi humo, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inaingia: mahali pa kazi husajiliwa, na ukaguzi wa usalama hufanywa kila mwaka na mshauri aliyeidhinishwa na idara husika. Mshauri huyo ataangalia stima pia, ataona waya zinazoning'inia na bodi isiyo na kifuniko, ataandika. Asipokuwa na leseni ya EPRA, hawezi kuandika cheti cha waya. Anachoweza ni kudai kiletwe. Na paneli za jua zikipanda juu ya paa, kama shule nyingi za huku zinavyofanya sasa, leseni zake ni za namna nyingine tena, T1, T2 na T3. Fundi bora wa stima ya kawaida asidhani anazo kwa sababu tu anajua waya.

Kabla sijasahau, kuna mkanganyiko unaotoka mbali, na unawapata hasa mafundi wanaosoma. Vitabu vyetu vya kufungia waya vina asili ya Uingereza, na kiwango cha BS 7671 kinanukuliwa hapa kila siku. Kwa vipimo ni mwalimu mzuri, hata nambari za insulesheni na za swichi ya uvujaji nilizotaja juu zinalingana nacho. Kijana akiingia kwenye intaneti kutafuta nani anaweza kuthibitisha jengo la biashara, atakutana na majibu ya Waingereza: kwamba huhitaji kusajiliwa popote, ilimradi uwe na uwezo. Kwao ni kweli. Sehemu ya P ya kanuni zao za ujenzi, iliyoanza 2005 kule England na Wales, inahusu makazi ya watu. Maduka na viwanda vinashikwa na Kanuni za Umeme Kazini za 1989, ambazo zinadai mtu awe na ujuzi na uzoefu wa kuepusha hatari, bila kumtaja kwa leseni. Uskoti nao wana njia yao ya wathibitishaji walioidhinishwa, chini ya sheria ya majengo ya 2003. Mambo hayo ni ya huko. Hapa Kenya leseni ipo, ina daraja, ina tarehe. Chukua vipimo vya vitabu vyao, usichukue sheria yao.

Kitu kimoja cha kwao ningependa tukiige. Cheti chao cha kazi mpya kina nafasi tatu za saini: aliyesanifu, aliyejenga, aliyekagua na kupima. Yaweza kuwa mtu mmoja kwa zote, lakini lazima aseme mara tatu. Mkono unasita kidogo unapoandika jina lako mara ya tatu, kwenye mstari unaosema ulipima.

Mama aliniuliza kuhusu yule wa saluni, na swali lake lilikuwa zuri kuliko nilivyotarajia. Mpangaji huyo aliongeza hita ya maji na draya mbili, akaita kijana wake, wakavuta waya mpya kutoka kwenye bodi ya ghorofa. Je, cheti cha jengo kinafunika hiyo? Hapana. Cheti kinashuhudia siku kilipotiwa saini na sakiti zilizokuwepo siku hiyo. Sakiti mpya inataka mtu wa kuishuhudia upya, mwenye daraja la kutosha, na kipimo chake kiandikwe kando. Majengo mengi ya hapa mjini huharibikia hapo, si kwenye ujenzi: yalianza vizuri, kisha wapangaji wakaongeza kimoja kimoja. Mashine ya kuchomelea hapa, jiko la chipsi pale, mpaka kebo kuu inabeba mzigo ambao hakuna aliyewahi kuuhesabu. Mwenye jengo anaweza kulizuia kwa sentensi moja kwenye mkataba wa upangaji: hakuna waya mpya bila mwenye leseni na bila karatasi yake kuletwa.

Kumjua mwenye leseni si kazi ngumu. EPRA ina orodha ya waliopewa leseni kwenye tovuti yake. Unatafuta jina, unalinganisha daraja, unaangalia kama bado ni halali. Kisha unafanya jambo ambalo halihitaji intaneti: unamwomba aje na kitambulisho na leseni yenyewe, siyo nakala, na aje na mashine zake za kupimia. Muulize atachukua muda gani. Jengo kama la Kondele akisema atalipima kwa nusu saa, mshukuru na umsindikize.

Kazi yenyewe tuliifanya Jumapili mbili, maduka yakiwa yamefungwa na kisiagi kimezimwa, mimi na kijana yule yule wa gredi ya pili aliyevuta waya. Nilimwomba mama amwite. Alikuja akiwa ameinamisha kichwa, akidhani anaitwa kushtakiwa, na nikampa mega aishike yeye. Sakiti nyingi alizifanya vizuri, na nilimwambia hivyo mbele ya mama. Tatu hazikuwa na athi. Moja ilisoma megaohmu 0.3, na tulipofungua tukakuta skrubu ya dari imetoboa kebo juu ya chumba cha sindano cha zahanati. Nyutro ya bodi kuu ilizunguka robo nzima chini ya bisibisi kabla ya kukaza. Rodi ya athi tuliongeza ya pili, mita kadhaa kutoka ya kwanza, tukaandika tarehe ya kipimo.

Sakiti ya saluni niliikata, nikaiacha imekufa mpaka itakapovutwa upya. Cheti nilikitia saini Jumapili ya pili jioni, cha sakiti nilizozipima tu, na nikaiorodhesha ile ya saluni kwa jina kwamba haimo. Mama alikisoma mstari kwa mstari, akaniuliza kila nambari ina maana gani, halafu akakitia kwenye bahasha peke yake, zile sita akazishika mkononi.

"Hizi nizitupe?"

"Tano weka, mama. Hii yenye saini ya usiyemjua nipe nikuandikie juu yake kwamba imebatilika, ili asije mtu akaitumia."

Kijana wa gredi ya pili ameshapeleka maombi yake EPRA. Jengo la Kondele ni la kwanza kwenye orodha ya kazi alizozifanya chini ya usimamizi, na ameambatisha nakala ya vipimo alivyovisoma mwenyewe, pamoja na ule wa 0.3.